Kwa Nini Niliichagua Aifoni

Poli, Meru
Mwezi wa sita, tarehe tisa

Mdogo wangu Anande,

Marahaba. Najua hujaniamkia tangu tumzike mama, lakini mimi ni dada yako, naitikia hata ile shikamoo uliyoimeza. Hujambo? Magoti je, bado yanalalamika ukipanda kile kilima cha kanisani kwenu? Na baridi ya Tukuyu, imeishinda ya kwetu au bado mnajisifu tu? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mvua ilichelewa, halafu ikaja kwa fujo ikalaza migomba kumi na mmoja, ila maharage yameitika vizuri. Yule ng'ombe mwenye baka amezaa jike. Mimi mwenyewe sina ugonjwa isipokuwa jicho la kushoto, ambalo limeamua kustaafu kabla yangu.

Utashangaa kuona barua. Siku hizi barua ni za benki na za mahakama. Lakini simu zangu hupokei, na haya ninayotaka kusema sitaki yapite kwenye simu. Simu nimeshaikosea vya kutosha. Unajua mimi shule sikuiona, na unajua kuliko mtu yeyote ni kwa nini. Mwandiko wenyewe ndio huu wa darasa la ngumbaru, herufi zimesimama moja moja kama watu kwenye foleni ya mafuta ya taa. Leo ni siku ya nne naandika. Usinicheke. Au nicheke, lakini usome mpaka mwisho, usiitupe katikati, maana jambo lenyewe liko mbele na mimi nalisogelea taratibu kama mtu anayemsogelea ng'ombe mwenye mateke.

Sifaeli wangu ameniletea jibu lako. Nilimtuma akuombe uje kwenye kumbukumbu ya mwaka wa mama, Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, tutakaposimamisha msalaba wa saruji. Anasema ulimsikiliza kwenye simu kwa adabu yako ya ualimu mpaka akamaliza, kisha ukamwambia kwamba huna unachofuata Meru. Kwamba mama alikufungia mlango miaka kumi na tisa na akafa hajaufungua. Kwamba angekuachia hata neno moja, moja tu, ungekuja kwa miguu. Sifaeli akanirudia, mama, amesema hata neno moja. Alidhani sijasikia. Nilikuwa nimesikia, ila nilikuwa natafuta pa kukaa.

Sasa nikupe habari ya simu. Vumilia, utaona kwa nini.

Unakumbuka nilikuwa na kiswaswadu, kile cha tochi. Oscar, kitinda mimba wangu, mwenye kibanda cha ufundi simu pale Sakina kando ya barabara ya Nairobi, akaniambia, mama, unanitia aibu, fundi gani mama yake anatembea na tochi? Akaniletea simu janja, ya androidi. Akanifundisha mwenyewe, na kwa uvumilivu ambao hakuupata kwangu: hapa ni Wasap, hapa picha, na hapa kinasa sauti, hili doa jekundu ukiligusa linasikiliza, ukiligusa tena linanyamaza. Doa jekundu nililipenda kuliko vyote. Nikawa namnasa mama. Akisimulia hadithi za fisi, nanasa. Akiimba ule wimbo wa kipaimara chake, nanasa. Akimtukana jogoo wa jirani, nanasa, na hiyo ndiyo wajukuu waliipenda kupita nyimbo zote za dini.

Mwezi mmoja baada ya maziko, Sifaeli naye akaja na lake. Wewe unamjua, tangu aanze kuendesha watalii na kujenga Lemara hakuna kitu cha kawaida kinachomtosha. Alitaka nihamie aifoni. Binti yake, huyu wajina wangu aliyeko Kanada, ana aifoni, yeye Sifaeli ana aifoni, mkewe ana aifoni, na wakipigiana sura inaonekana mpaka kipele. Mimi peke yangu, anasema, ndiye niliyebaki ng'ambo ya mto.

Jumapili moja baada ya ibada wote wawili wakawa hapa kwangu, nimewapikia loshoro ya maziwa ya mgando. Simu mbili mezani, mmoja kulia, mmoja kushoto, kama mawakili, na mimi ndiye shamba linalogombewa. Anande, ungecheka. Oscar alisema aifoni ni mgeni mwenye masharti: hali kila chakula, halali kila kitanda, na akiumwa mganga wa kijiji haruhusiwi kumgusa. Sifaeli akasema androidi ni mbuzi wa mnadani, ameshikwa na kila mtu na ameambukizwa na kila mtu. Oscar akamwambia kaka yake kwamba ile simu yake inashinda imefungwa kwenye waya kama ndama. Sifaeli akamuuliza mbona basi foleni yote pale kibandani ni ya androidi, kama haziugui? Oscar akajibu kwamba wa aifoni nao wanaharibikiwa, ila wanalilia chumbani kwa aibu ya bei. Nilicheka mpaka loshoro ikanipalia. Nikawauliza kuna nini kwenye hilo tunda lililong'atwa, na ni nani aliyeling'ata, maana Biblia inatuambia mambo yalianza kuharibika hapo hapo.

Halafu Oscar akaacha mzaha. Akasema hata kama nitahama, asinibandue mtu kabla yeye hajaichukua ile androidi akakaa nayo wiki moja. Anataka kutoa sauti zote za bibi, azisikilize moja moja, azisafishe, azipange, azipige kwenye kumbukumbu ya mwaka watu wote wamsikie. Na kila mtoto wa ukoo atatumiwa zake. Hata mama mdogo Tukuyu, akasema. Hasa mama mdogo.

Hapo kicheko kikanikauka. Nikasema, bila hata kumeza, kwamba nataka aifoni na naitaka kesho.

Sifaeli mwenyewe alishtuka, alikuwa amejiandaa kubishana mwezi mzima. Oscar aliniangalia kama mtoto aliyenyang'anywa kijiko mdomoni. Akasema sawa mama, ni simu yako. Akaomba tu nisisahau kumwachia sauti. Nikamwambia sisahau.

Kesho yake Sifaeli akanipeleka mjini kwa akina Bharat, lile duka ambako baba alinunua redio yetu ya kwanza. Nikarudi na aifoni. Ile androidi ilibaki dukani, ndivyo walivyokubaliana na Sifaeli, ya zamani inaachwa kupunguza bei ya mpya. Oscar alipokuja na kile kidude chake cha kuhifadhia, nikamwambia sauti hazikuvuka. Aliniuliza hazikuvuka namna gani. Nikasema mimi najua nini, mimi mtu wa ngumbaru, ulizeni simu zenu.

Mwanaume mwenye watoto watatu, Anande, alilia pale jikoni kama siku niliyomwachisha ziwa. Si kwamba alilia kwa kelele. Alikaa kwenye gunia la mahindi, machozi yanamshuka, anasema hata jogoo mama, hata ile ya jogoo. Kisha akapanda pikipiki akaenda Lemara kwa kaka yake, na yaliyosemwa huko mke wa Sifaeli hakutaka kunisimulia yote. Nilichopata ni kwamba Oscar alimwambia kiburi chake kimekula sauti ya bibi. Sifaeli akamjibu kwamba fundi wa kweli angezitoa mapema, asingengoja. Tangu siku hiyo hawasalimiani. Oscar hapandi huku. Watoto wake wakija Poli wanashushwa barabarani kama mizigo. Na kwenye kumbukumbu amesema hatakuja kumwona Sifaeli akijifanya mwenye nyumba.

Nami nikawaacha hivyo. Watu hapa wanasema Bibi Ndeshi anampenda mwenye pesa. Nimewaacha waseme.

Haya, ng'ombe mwenyewe nimemfikia. Sasa nashika mkia.

Kumbuka Alhamisi ile, siku tisa kabla mama hajafa. Ulikuta kwenye simu yako nimekupigia mara tatu, mchana, ukiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Jioni ukanipigia, sauti ya wasiwasi, ukiuliza kulikoni dada. Nikakuambia hakuna kitu, kidole kiliteleza. Anande, kidole hakikuteleza. Mama ndiye aliyeniambia nikupigie.

Nilikuwa nimemwogesha, nimempaka mafuta, nimempikia mtori, akakataa kumeza. Akaniuliza kile kioo changu kinafika Tukuyu? Nikasema kinafika. Akasema basi niitie Anande. Miaka kumi na tisa hajalitaja jina lako, mimi nilidhani ameanza kuweweseka. Nikapiga, hukupokea. Nikapiga tena. Mara ya tatu akasema acha, mtoto ana kazi zake, wewe si una kile kidude kinachosikiliza? Nishikie, nimwachie maneno, utampelekea.

Nikagusa doa jekundu. Alisema Kimeru. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ngumbaru hawakutufundisha kuandika Kimeru, lakini sikupunguza wala sikuongeza. Sisi tusiosoma hatuna daftari, tulichosikia mara moja hakitoki. Na hii nimeisikia zaidi ya mara moja. Alisema hivi:

Anande, mwanangu, sikiliza upesi, pumzi yangu imebaki kidogo. Nilijua kwamba mtoto wako alikuwa hospitali siku tunamzika baba yako. Niliambiwa siku ya tatu. Lakini nilikuwa nimeshasema mbele ya watu kwamba sina mtoto Tukuyu, nikaona haya kulirudisha. Miaka yote hii watu wamedhani nina hasira na wewe. Sikuwa na hasira, nilikuwa na haya. Njoo nyumbani. Ukikuta nimeshakwenda, usisimame nje kama mgeni, ingia, keti kwenye kigoda changu, ule ushibe. Nimekubariki wewe na waliotoka tumboni mwako na watakaotoka matumboni mwao. Ndeshi, shika hicho kitu vizuri, unakitikisa.

Basi. Hapo ndipo mwisho.

Na wewe hukuyajua. Siku ya maziko ulisafiri siku nzima, ukafika, ukasimama nje ya kizingiti kwa sababu mama alisema hutakivuka. Uliniita pembeni, karibu na mfereji, ukaniuliza, dada, alinitaja? Nikakutazama machoni nikasema hakukutaja. Ukatupa udongo wako kaburini ukaondoka, hukunywa hata maji. Nilikuwa nimesimama na sahani yako mkononi.

Utauliza, kwa nini? Mimi nimejiuliza mwaka mzima na sina jibu la kunipendeza. Nitakuambia lililo kweli, ukalipokee unavyotaka.

Alipomaliza maneno yako sikugusa lile doa. Liliendelea kusikiliza. Nilikaa pale kitandani kwake nimekishika kitu vizuri kama alivyoniagiza, nimekikazia mkono usitikisike, nikangoja. Nilisema moyoni, sasa ataniambia na mimi. Mimi niliyetolewa kwenye mlango wa shule nikapewa ndoo za maziwa, ili maziwa yawe ada yako. Nikakuona unarudi likizo na soksi nyeupe. Mimi niliyeolewa ng'ambo ya mfereji ili niwe karibu naye. Niliyembeba msalani miaka minne, mgongo huu umepinda kwa ajili ya mwili ule. Nilingoja hata kama ni asante, Ndeshi. Hata kama ni umechoka, Ndeshi. Akasinzia. Nilimsikia akikoroma, na kinasa kikanasa mkoromo. Kwa siku tisa zilizobaki aliniambia geuza mto, leta maji, funga dirisha.

Nikasema basi, na huyu wa Tukuyu naye angoje, aone kungoja kulivyo. Nilidhani nitakuficha wiki moja tu. Halafu mama akafa, ukaja, ukauliza, nikajibu nilivyojibu. Baada ya hapo uongo ukaota mizizi.

Ndiyo maana Oscar aliposema atasikiliza sauti zote moja moja, mimi nilichagua simu. Kina Sifaeli walidhani nachagua aifoni au androidi. Mimi wala sijui ipi ni bora, mpaka leo. Nilichagua ile ambayo ingeniwezesha kuiacha ile nyingine.

Na usije ukamlaumu mwenye duka. Aliyetuhudumia ni Kinjal, binti wa Bharat, mtoto mwenye heshima, aliniamkia akanivutia kiti. Sifaeli alikuwa nje anaongea na wageni wake kwenye simu. Kinjal alinieleza taratibu, kwa maneno ya mtu mzima, kwamba kila kitu cha zamani kinaweza kuvushwa sasa hivi, kabla ya ile mpya kuanza kutumika, na sauti atazinakili kwanza kwenye kompyuta yake, hakuna kitakachopotea. Akaniambia, bibi, kuna sauti arobaini na tatu humu. Nikamwambia vusha majina na picha, hizo sauti zifute. Akaacha kuandika. Akasema yeye bibi yake alifariki mwaka juzi, na ana sauti yake moja akiwagombeza kwa kuzidisha chumvi, na anaisikiliza kila akiingia jikoni. Akaniuliza tena, bibi, una hakika? Zikifutwa hazirudi. Nikamwambia ni kelele za kuku tu.

Akafuta. Mimi naangalia. Haikuchukua hata muda wa kufunga kilemba.

Kwa hiyo mama hakupotelea njiani kati ya simu na simu. Nilimfuta mimi. Nilitaka kukunyima wewe, nikawanyima wote, na fisi, na wimbo wa kipaimara, na jogoo. Nikagombanisha wanangu nikakaa katikati nikinywa chai. Na mimi pia nilijinyima, maana kuna siku nataka kumsikia, hata akinigombeza kwamba natikisa. Hii aifoni hainifungukii mpaka initazame uso. Asubuhi naiinua, inanitazama, inafunguka. Kila asubuhi nadhani leo itakataa.

Sasa nisikilize. Jumamosi ile ya msalaba nitasimama mbele ya mchungaji na ukoo mzima, niyaseme maneno ya mama yote, kwa Kimeru kilekile, pamoja na lile la mwisho aliloniambia mimi, la kukitikisa. Kisha niseme nilichofanya. Oscar na Sifaeli nitawaita Ijumaa, hata kama ni kuwafungia ndani na kukalia mlango, wasikie kabla ya watu. Lakini wewe ndiye wa kwanza kujua, kwa sababu ni mali yako. Uje au usije, nitasema. Kigoda cha mama nimekifuta vumbi, na hakuna aliyekikalia.

Jana nilichukua kisu nikaenda kwenye mpaka wa shamba nikate jani la sale nikutilie ndani ya bahasha. Nilishika jani, nikaliacha. Wewe ni mtoto wa hapa, unajua, mtu akipelekewa sale hana ruhusa ya kukataa, sharti asamehe. Mimi nilikunyang'anya maneno ya mama mwaka mzima. Sina haki ya kukunyang'anya na hasira yako. Kaa nayo mpaka ikutoshe. Bahasha hii ina karatasi tu.

Nisalimie wanao wote, na yule aliyekuwa hospitali siku zile, mwambie bibi yake alimbariki. Nisalimie mwalimu mwenzio unayeimba naye kwaya, jina lake nimelisahau. Ng'ombe, migomba na jicho langu la kulia wanakusalimu. Oscar naye angekusalimu, kama angekuwa ananisemesha.

Mimi dada yako,
Ndeshi